Vita vya Milimita Tatu Katika Jukwaa la Mtipule

Enyi watu wa Pwani, mliokaa na mliosimama, mlio Maili Moja mkisubiri gari na mlio Kisarawe juu mkisubiri mvua, sogeeni! Zimeni redio, teremsheni sufuria, mwenye mtoto anayelia na amnyonyeshe, maana habari inayokuja ni habari ya chuma na saruji, ya kuanguka na kuinuka, habari ya mtu mmoja aliyepigana mchana kweupe, mbele ya mashahidi, na adui mwenye unene wa milimita tatu. Msicheke. Milimita tatu ni nyingi, kutegemea mahali zilipo. Zikiwa ndani ya jicho lako utazikubali.

Shujaa ni Bartolomeo mwana wa Anselmo, mwashi wa Kisarawe, mpiga plasta wa nyumba mia, kitisho cha vibarua, bwana wa timazi na pima maji, mtu aliyeachana na shule darasa la tano kwa sababu, kwa kauli yake mwenyewe, shule ilikuwa inamchelewesha. Jina lake hutajwa kwa heshima kutoka Kisarawe hadi Msimbu, isipokuwa na wale ambao kuta zao zilipasuka, nao tusiwatafute leo.

Ikawa katika mwaka usio wa mbali, Bartolomeo akateremka hadi Kibaha kupiga plasta stoo ya Mzee Onesmo, dereva wa treni aliyestaafu, mtu ambaye maungo yake yote yamestaafu isipokuwa mkono wa kulia. Akafungua mlango wa stoo, karai begani, na tazama! Meza iliyozunguka kuta zote nne, ya kimo cha kiuno, na juu ya meza reli yenye upana wa kidole gumba, na juu ya reli treni, kichwa chake cha ukubwa wa muhindi, mabehewa manne nyuma, inakwenda. Mzee Onesmo alisimama katikati, mkono juu ya kirungu cha mwendo, akiipigia honi kwa mdomo wake mwenyewe, "Puuuu!", kwa kuwa treni ile aliyotumiwa na binti yake ilikuja bila honi. Bartolomeo akaweka karai chini. Plasta ikakauka ndani ya karai. Tangu ashike mwiko hilo halijawahi kutokea, na karai lile hadi leo limegeuzwa kiti.

Siku hiyohiyo akaapishwa katika Chama cha Reli Ndogo, chama cha watu saba. Na utaratibu wao ni huu, mjue kabla hatujaingia vitani. Meza ile imegawanywa mbao saba, kila mwanachama na ubao wake, urefu wa mita moja na nusu. Mtu huufungua ubao wake, huubeba kwenda nao kwake, huko akaujengea nchi: vilima, vichaka, madaraja, nyumba, mbuzi. Siku ya siku huurudisha, mbao zikafungwa kwa bolti, na treni ikapita katika nchi za watu saba bila kuulizwa kitambulisho.

Lakini kila ufalme una sheria yake, na sheria ya ufalme ule ilikaa mkononi mwa Mwamvita, katibu wa chama, mpima ardhi kwa kazi, mwanamke ambaye hajawahi kusema neno "takriban". Sheria yake ni karatasi moja ya daftari. Behewa likisimamishwa kandokando ya jengo lako, Mwamvita huipitisha karatasi katikati. Ikipita, jengo linakaa. Ikikwama, ubao wako unafunguliwa bolti, na mahali pake unawekwa ubao wa nyasi tupu, mtambarare, hauna hata jiwe. Ubao huo umeegemezwa nyuma ya mlango mwaka mzima kama jeneza linalosubiri mtu wake.

Bartolomeo aliomba ubao namba tano, wa kwenye kona, ambao wenzake waliukwepa kwa kuwa kona ni taabu. Akapewa. Walidhani ni ujuzi unamwasha. Haikuwa hivyo. Aliiona ile kona ya reli akaijua, kama mtu anavyomjua ndugu yake kwa mgongo. Ilikuwa kona ya Mtipule.

Mtipule ilikuwa stesheni ndogo katikati ya mashamba: jukwaa moja, banda moja la bati, nyumba mbili za gengi, yaani za wale wakaza mataruma na wakata majani ya njiani. Mkuu wa gengi alikuwa Anselmo. Bartolomeo alizaliwa pale, na mama yake, Laurentia, alikaa pale miaka ishirini na miwili akiuza mihogo ya kuchemsha madirishani mwa mabehewa. Kisha stesheni ikafungwa, Anselmo akafa, pori likaingia, matofali yakabebwa na watu. Historia haifichi kwamba mengine yako katika banda la kuku la shujaa wetu.

Sasa Mama Laurentia anakaa Msimbu kwa binti yake Yasinta. Jicho moja limeshafunga kazi, la pili linajiandaa. Mwaka huu, Bartolomeo alipokwenda kumsalimia, mama alimwambia, "Wewe mwanangu umejengea watu wote. Mimi nilikuwa natamani nikaione Mtipule mara moja tu, kabla taa haijazimika."

Akajibu bila kufikiri, kama anavyojibu mambo yote, "Utaiona, mama. Mwezi wa nane, siku tunayowafungulia watu milango. Treni inapita kabisa."

Basi hapo ndipo alipojifunga mshipi.

Miezi mitatu Kisarawe haikulala vizuri, angalau ile sehemu yake inayokaliwa na Juliana, mkewe. Jemadari alikata kopo la soda, akalilaza juu ya kitana cha Juliana, akalikwaruza kwa msumari likatoka mifereji kama bati la kweli, na kitana kikatoka bila meno. Kokoto za reli alizichekecha kwa chujio la chai, na kwa wiki mbili chai ya nyumba ile ilitafunwa. Dodoki la kuogea alilikatakata akalitia rangi ya majani, likawa vichaka vya Mtipule. Watu wakaoga kwa viganja. Majani ya njiani alitengeneza kwa maranda ya mbao, mihogo ya mama kwa njiti za meno. Pima maji yake ilikuwa ndefu kuliko stesheni nzima, lakini aliilaza juu ya stesheni hivyo hivyo, akafumba jicho moja, akatamka, "Imekaa."

"Bartolomeo," Juliana akanena kutoka mlangoni, mikono kiunoni, "chumba chetu kina ufa unaopitisha mjusi, wewe unawajengea sisimizi."

"Hawa sisimizi wana safari, mama Dorothea. Mjusi wako anakwenda wapi?"

"Na kitana changu kinakwenda wapi?"

Kwa swali hilo jemadari akarudi nyuma hatua tatu, na vita vya kitana havimo katika habari hizi.

Siku ya Alhamisi kazi ikaisha. Akasimamisha kando ya jukwaa behewa aliloazimwa na Mzee Onesmo, akachana karatasi ya daftari, akaipitisha. Ikapita kama mgeni anayejulikana nyumbani. Angeishia hapo, leo tusingekuwa na la kusimulia, nanyi mngekuwa mmeshapakua ugali.

Lakini Ijumaa jioni alikaa akalitazama jukwaa lake. Lilikuwa la plaiwudi. Uchi. Mtu wa kawaida angelipaka rangi ya kijivu akanawa mikono. Bartolomeo moyo ulimwuma. Ukuta bila plasta, kwake yeye, ni sawa na padri bila kanzu. Akachukua kijiko kimoja cha saruji na vijiko vitatu vya mchanga wa kuchekecha, akakoroga ndani ya kisosi, akalipiga jukwaa plasta juu na ubavuni, kwa mgongo wa kijiko, akasawazisha, akalinyunyizia niru, ule unga wa saruji wa kung'arisha, akalimwagia maji kwa ncha za vidole. Likang'aa. Alilizunguka mara saba. Akamwita Juliana aje alione, Juliana hakuja.

Na huyu ndiye mtu ambaye kwa miaka ishirini na tano amesimama juu ya majukwaa ya miti akiwapigia vibarua kelele hadi mtaa wa tatu: "Acha nafasi ya plasta! Plasta inakula mlango, we punda! Utapima baada, siyo kabla!" Hakupima baada. Aliufunika ubao kwa shuka jeupe, akalala usingizi wa washindi.

Jumamosi kulipokucha, bajaji ya Jabiri ikasimama mlangoni. Ubao ukaingizwa kiti cha nyuma, ukatokeza kushoto na kulia kama mbawa, Bartolomeo chini yake, shuka juu yake.

"Fundi," Jabiri akauliza kwa sauti ya chini, akivua kofia, "pole sana. Ni nani?"

"Ni stesheni."

Jabiri akavaa kofia. Wakateremka vilima vya Kisarawe mwendo wa kusindikiza bibi harusi, wakatokezea Kiluvya, wakaishika barabara ya Morogoro, malori yakiwapigia honi, na kila tuta la barabarani shujaa aliliinua jeshi lake lote kwa mapaja ili lisitikisike. Mapaja hayo yalimwuma hadi Jumatano.

Saa tatu na nusu akaingia Kibaha, uwanjani kwa Mzee Onesmo. Watu wawili hawakutosha kuubeba ubao, akaongezwa wa tatu. Wa tatu huyo alikuwa Mwalimu Evance, mwalimu wa fizikia, mjenzi wa ubao namba nne, ambaye amejenga daraja la njiti za kiberiti elfu mbili mia nne, idadi anayoitaja hata asipoulizwa.

"Fundi, umeweka na nondo humu?" Evance akauliza, mishipa ya shingo imemtoka.

"Mwalimu, wewe umezoea vitu vya gundi. Hiki ni kitu cha kudumu."

"Meza ndiyo haitadumu."

Ubao ukawekwa. Miguu ya meza ikalia kidogo, ikavumilia. Bolti zikakazwa. Bartolomeo akasimama mbele ya chama, akalivuta shuka kama anayefunua jiwe la msingi, akanena, sauti ikijaa stoo:

"Ndugu zangu wa reli! Mzee wetu Onesmo, shikamoo tena. Katibu. Mwalimu, na wewe. Nawaletea Mtipule, stesheni iliyouawa na kusahauliwa, leo imefufuka kwa mikono hii isiyo na cheti. Bati lake ni bati, kokoto zake ni kokoto, na jukwaa lake, naomba mlitazame, ni saruji moja kwa tatu. Nyumba za wengine zitanyeshewa. Hii, hata mafuriko yakija, mtaikuta!"

Wakapiga makofi, maana kweli ilikuwa nzuri. Hata Evance alipiga, polepole.

"Marahaba," akasema Mzee Onesmo, akiijibu ile shikamoo kwa kuchelewa. "Sasa tuone inavyopitika." Akaweka mkono juu ya kirungu, akajaza mashavu. "Puuuu!"

Treni ikatoka upande wa mlango, ikapanda kilima cha ubao namba mbili, ikateremka, ikapita juu ya njiti elfu mbili mia nne bila kutikisa hata moja, ikaingia kona ya Mtipule. Kichwa kikapita. Bartolomeo akainua mikono juu. Kichwa ni chembamba na kifupi, hakina uadui na mtu. Likafuata behewa la kwanza. Behewa ni refu, na refu likiingia kwenye kona tumbo lake husogea ndani.

Kwaruuuu.

Sauti ndogo, kama panya anayekuna gunia. La kwanza likajikwaruza likapita, limechubuka rangi. La pili likapanda juu ya jukwaa, likafikiri, likalala ubavu juu ya mihogo ya mama. La tatu na la nne yakamlalia mwenzao. Kichwa kikavuta, kikashindwa, kikasimama kikiunguruma. Mzee Onesmo, aliyeendesha treni miaka thelathini na mmoja bila kulaza behewa, akafunga macho.

Mwamvita akachana karatasi.

Akasimamisha behewa kando ya jukwaa, akaisukuma karatasi taratibu. Ikaingia nusu kidole, ikajikunja kama jongoo aliyeguswa. Akatoa rula ya chuma, akainama, akainuka.

"Unakosa milimita tatu."

"Reli imehama!" Bartolomeo akanguruma.

"Reli haijahama, fundi. Imepigiliwa misumari."

"Basi behewa limevimba."

"Limevimba na nini?" Evance akauliza.

"Joto la Kibaha hili! Kisarawe kuna hewa. Nilipima Kisarawe, ikapita, karatasi ninayo nyumbani, mke wangu shahidi." Juliana hakuwa shahidi, lakini hakuwepo kukana.

Evance akavua miwani, akaifuta kwa shati, taratibu, kama afanyavyo mwalimu aliyeshajua nani kavunja dirisha. "Fundi, ulipima lini?"

"Alhamisi."

"Na plasta umepiga lini?"

Enyi wasikilizaji, Bartolomeo alilitazama jukwaa lake. Ndani ya kichwa chake alisikia sauti yake mwenyewe, ya miaka ishirini na tano, ikitoka juu ya majukwaa yote ya Kisarawe kwa pamoja: *we punda.*

"Ijumaa," akasema.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu wangecheka.

"Sheria unaijua," Mwamvita akasema, si kwa ukali. "Sasa ni saa nne kasorobo. Saa tano watu wanaingia. Karatasi ikikwama tena naweka nyasi. Nilimwekea hata Mzee, mwaka juzi, na stoo ni yake."

"Kweli aliniwekea," Mzee Onesmo akathibitisha. Jeraha halijapona.

Bartolomeo akageuza kichwa akautazama ubao wa nyasi nyuma ya mlango. Kijani kitupu. Akamwona mama yake ameletwa kutoka Msimbu, ameshikwa mkono, ameinamishwa, anakodolea jicho moja nyasi za mita moja na nusu.

"Nipeni tupa," akasema.

Hapa, wapendwa, ndipo vita vyenyewe vinapoanza, na ole wake mwashi anayepigana na kazi yake! Angekuwa fundi mbaya, mchezo ungeisha kwa dakika tano. Plasta ya kulipua ingemomonyoka kwa ukucha. Lakini hii ilikuwa moja kwa tatu, imemwagiliwa, imebembelezwa. Tindo haikufaa, kwani pigo moja lingezirusha reli. Mzee Onesmo akaleta tupa anayonolea mapanga. Mwamvita akazilaza reli chini ya kanga yake mwenyewe ili vumbi lisizile umeme unaoendesha treni. Bartolomeo akapiga magoti, mtu wa kilo tisini na mbili, jicho usawa wa jukwaa lenye kimo cha kiberiti, akaanza kusugua. Kshi. Kshi. Kshi.

Jasho likatiririka kama analima. Vidole vyake, vilivyozoea tofali, vilikuwa kila kimoja kikubwa kuliko banda la tiketi. Kikisogea kushoto kinang'oa kichaka, kikisogea kulia kinaua mbuzi. Alimwua mbuzi mmoja. Akamweka mfukoni, akaendelea. Robo saa ikapita, tupa ikala milimita moja.

"Bado mbili," Mwamvita akasoma kwenye rula.

"Mchanganyiko wa nani huu?" Bartolomeo akafoka, akihema. "Nani kaweka saruji yote hii?"

Evance alikuwa ametoka. Akarudi na vipande vya msasa kutoka kwenye mkoba wake, akavizungushia kwenye kiberiti, akapiga magoti upande wa pili. "Sogea, fundi. Wewe kula pale tumboni mwa kona, mimi nasafisha miisho. Behewa linavimba katikati tu."

"Kwa hiyo linavimba?"

"Linavimba."

Wakasugua, mtu wa cheti na mtu asiye na cheti, vichwa vimegusana, nywele zimekuwa nyeupe kama za wazee wawili. Na saa tano kasoro dakika kumi, mlango ukafunguliwa kabla ya wakati wake, na Yasinta akaingia akimshika mkono Mama Laurentia, kanga mbili, sandozi miguuni, fimbo.

Wote wakasimama, "Shikamoo, bibi, shikamoo mama," naye akajibu marahaba kila mmoja kwa zamu, akakalishwa juu ya karai lile la plasta, maana viti vilikuwa nje. Bartolomeo peke yake alibaki magotini. Hakuwa na uso wa kuinuka nao.

"Huyo mweupe ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Unafanya nini chini huko, baba?"

Angeweza kudanganya. Alikuwa na reli iliyohama, alikuwa na joto la Kibaha. "Nimeharibu, mama," akasema. "Jukwaa limeingia njiani. Treni inaligonga. Nilipiga plasta nikasahau kupima."

Mabega ya bibi kizee yakaanza kutikisika, kanga ikateleza, na Yasinta akadhani analia, akainama. Hakuwa analia.

"Lile la kweli nalo liligonga," akasema Mama Laurentia, akijifuta jicho zima. "Yesu wangu! Si alilijenga baba yako? Lilipokwisha, akasema haliachi hivi, akalipiga plasta Jumapili, watu tuko kanisani. Jumatatu treni ya kwanza, kwaruuu! Vyuma vya mlango vikang'oka. Alikaa wiki nzima na tindo, anachonga, mimi namletea uji pale pale."

"Baba?"

"Baba yako. Na unajua aliwaambia nini wakubwa wake?" Akaipiga sakafu kwa fimbo. "Eti reli imehama!"

Sasa ndipo walipocheka. Alicheka Mwamvita asiyejua "takriban", alicheka Evance hadi miwani ikaanguka kwenye mto wa chini ya daraja lake, alicheka Mzee Onesmo akasahau akapiga honi. Na Bartolomeo mwana wa Anselmo, magotini, mweupe kama mzimu wa babu yake, alicheka kuliko wote, na kama machoni mwake palikuwa na maji, stoo ile ilikuwa na vumbi jingi la saruji, moja kwa tatu.

"Endelea," mama akamwambia. "Uji sikuleta."

Akasugua kwa nguvu ya watu wawili, mmoja wao marehemu. Saa tano kasoro dakika mbili Mwamvita akainua kanga, akafuta reli, akasimamisha behewa, akachana karatasi mpya. Nje wageni wameshaanza kugonga mlango. Karatasi ikaingia. Ikatembea. Ikapita mwanzo wa jukwaa, ikapita banda, ikafika tumboni mwa kona, ikasimama.

Mwamvita akainama. "Kuna chembe," akasema. "Chembe moja ya mchanga."

Bartolomeo akaisogelea kwa ukucha wa kidole cha mwisho, ule mrefu, ambao Juliana amempigia kelele miaka yote aukate. Akaigusa. Ikadondoka. Na karatasi ya daftari, yenye mistari ya buluu, ikapita kutoka mwisho hadi mwisho wa jukwaa la Mtipule, ikatokea upande wa pili bila mkunjo.

"Imepita," akasema Mwamvita.

Milango ikafunguliwa, watu wakaingia, na Mzee Onesmo akajaza mashavu kuliko siku zote. Puuuuu! Treni ikaja, ikapanda, ikashuka, ikavuka njiti elfu mbili mia nne, ikaingia kona. Kichwa kikapita. La kwanza likapita. La pili, la tatu. La nne likapita karibu na jukwaa kiasi ambacho sisimizi angepita kiubavu.

"Mbona haisimami?" Mama Laurentia akauliza kwa sauti. "Mtipule ilikuwa inasimama. Dakika mbili. Ningeuzaje?"

Treni ikazungushwa tena, na safari hii mkono wa kulia wa Mzee Onesmo ukaipunguza, ukaipunguza, ikasimama jukwaani kama inavyosimama treni yenye abiria. Mama akainuka, akashikwa na mwanawe, akainamisha jicho lake moja hadi karibu kuligusa bati la kopo la soda. Akatazama nyumba za gengi. Akatazama vichaka. Akaweka ncha ya kidole mahali pamoja, jukwaani, penye njiti za mihogo zilizoangushwa na behewa, akazisimamisha moja moja. Dakika mbili zikapita, nazo zilikuwa ndefu.

"Haya," akasema. "Iende."

Ikaenda.

Basi na iandikwe, na atakayeisoma asipunguze kitu: kwamba siku ya Jumamosi, mwezi wa nane, saa tano na dakika ishirini asubuhi, katika stoo moja ya Kibaha, milimita tatu za saruji zilishindwa, kwamba stesheni iliyofungwa miaka mingi ilifunguliwa kwa dakika mbili kamili, kwamba alikufa mbuzi mmoja, naye alizikwa mfukoni, na kwamba ubao wa nyasi ulibaki nyuma ya mlango. Vizazi na vijue. Watoto wa Kisarawe na wafundishwe.

Na iandikwe pia, kwa kuwa historia haipendelei mtu, kwamba Mama Laurentia alipofika mlangoni aligeuka akauliza, mbele ya wageni wote, "Na choo? Choo cha stesheni kiko wapi?"

Hakikuwepo. Miezi mitatu, na hakikuwepo. Bartolomeo ameagizwa kukijenga, nyuma ya banda, upande wa magharibi, kisichozidi ukubwa wa kiberiti, na mkutano mzima wa chama, kwa kura saba kwa sifuri, yake ikiwa mojawapo, umemkataza kukipiga plasta.